Mstari Mtupu kwenye Kadi ya Kafuri

Siku ya kuniaga mliniomba niandike chochote kuhusu miaka yangu ya kazi, nami nikakubali, kwa kuwa mtu aliyeshikishwa kipande cha keki mbele ya watu hukubali kila kitu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Anayevitaka anajua ofisi ya utumishi ilipo. Nitaandika kuhusu chumba cha mimea mikavu, kuhusu Mzee Kaniki aliyenifundisha kazi, na kuhusu kadi moja niliyoiogopa kwa zaidi ya miaka ishirini. Wengi wenu mliiona ina mstari mtupu, mkadhani nilipitiwa. Sikupitiwa.

Niliripoti kituoni Lushoto mwezi wa saba, nikiwa nimevaa sweta mbili, cheti cha chuo cha misitu ndani ya bahasha. Mzee Kaniki alifungua mlango wa chumba cha mimea, na kabla sijaona chochote ikanijia harufu ya kafuri. Nyumbani kwetu, kijiji cha juu ya Soni, harufu ile ilikuwa na maana moja tu: humu ndani kuna maiti, na ameshaoshwa. Nikasimama kizingitini nikasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Mzee akanitazama juu ya miwani. "Nani amefariki?"

"Sijui, mzee. Nasikia kafuri."

"Ni majani, binti yangu. Yamekufa kweli, lakini hayahitaji kusaliwa."

Zamani zile mabonge ya kafuri yaliwekwa kwenye droo ili wadudu wasile mimea. Mwaka wangu wa tatu tuliyaacha tukaanza kutumia dawa nyingine, na baadaye tukaletewa friji. Shikeni hilo, maana lina kazi mbele: tangu mwaka wangu wa tatu hapakuwa na kafuri chumbani.

Mzee Kaniki alikuwa mtu wa Mlalo, mrefu, mwenye maneno machache na vidole vilivyopauka kwa gundi. Alinifundisha kupanga tawi kati ya magazeti ili jani moja lionyeshe uso na jingine mgongo, kukaza mikanda ya ubao wa kukandamizia bila kuvunja kikonyo, kukausha juu ya jiko la mkaa bila kuchoma, na kushona kila tawi kwenye karatasi nene kwa uzi wa kitani. Alinifundisha pia kuandika lebo kwa penseli tukiwa msituni. Wino ukikutana na ukungu wa Magamba unaondoka, na mmea usio na lebo ni kuni. Hilo nimewaambia mara nyingi, na bado kuna mmoja wenu anabeba kalamu ya wino. Anajijua.

Kadi za majina zilikuwa kazi yake mwenyewe, hakutumwa na mtu. Kila mti mkubwa aliutengenezea kadi yenye jina lake kwa kila lugha aliyoweza kuipata, na kando ya kila jina habari fupi ya watu wanautumiaje. Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, neno halichukuliwi kitabuni, linachukuliwa mdomoni mwa mtu aliyezaliwa nalo, na jina la mtu huyo linaandikwa hapo hapo pamoja na tarehe. Ya pili, mwandishi hajihoji mwenyewe. "Ukijiuliza mwenyewe," alisema, "utajibiwa unachokitaka."

Kadi moja tu ilivunja kanuni. Ilikuwa ya kafuri. Mstari wake wa kwanza ulisema: Kisanskriti, karpura. Mahali pa jina la mtu palikuwa na kistari.

"Huyu mbona hana jina?" nilimwuliza.

"Ni lugha ya kale ya India. Hapa Lushoto nitamwuliza nani? Nililitoa kwenye kamusi iliyochanika jalada." Hakuonekana kujivunia. "Lakini ndilo lililozaa mengine. Lilipita kwa Waajemi likafika kwa Waarabu, Waarabu wakatuletea sisi na wakawapelekea Wazungu. Siwezi kumwacha mama nje ya nyumba ya wanawe."

Akaongeza kwamba wapo wanaosema hata Wahindi waliliazima kwa watu wa visiwa vya mashariki zaidi, kunakotoka kafuri nyingine ya zamani. Kwa hiyo huenda mstari wa kwanza si wa kwanza. Chini yake kuna mwingine, na chini ya huo hatujui.

"Mstari usio na mtu haufai kukaa peke yake," alisema. Akanipa ile kadi. "Utaujazia watu."

Mwaka ule alinichukua hadi Amani kutafuta tawi la mkafuri. Tuliteremka Mombo, tukapita Muheza, tukapanda tena upande wa pili hadi kwenye shamba la miti ya kigeni waliyoipanda Wajerumani. Ilikuwa saa nne asubuhi lakini ukungu ulikuwa umeshuka hadi mabegani. Mzee alichuma jani, akalifikicha, akaninusisha. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwona akilifanya tena: aliweka kiganja kwenye shina akalisema jina la mti kwa sauti, lugha baada ya lugha, jinsi mwalimu anavyoita mahudhurio. Mbega walikuwa wakipiga kelele juu yetu. Alipofika kwenye karpura wakanyamaza wote. Pengine walikuwa wametuona. Mzee alisubiri kidogo, akaondoa mkono, akasema twende.

Alistaafu miaka michache baadaye akarudi Mlalo, akaniachia funguo, kabati na kadi. Makabati yale mnayajua, ya mbao za mkulo, yametoka enzi za Wajerumani. Mkulo ni mti wetu wa milimani. Hauna undugu wa karibu na mkafuri wa Amani, ila mbao zake zina harufu inayofanana, na Wazungu walipoinusa wakaupachika jina la kamfa, yaani kafuri, ya Usambara. Kwa hiyo neno lilitoka India likazunguka dunia nzima kuja kuukalia mti uliokuwa na jina lake tayari. Mzee aliuweka mkulo kwenye kadi ya kafuri, mstari wa mwisho. Aliandika "Kishambaa" akaacha nafasi, nimtafute mtu wa kuijaza.

Nilianza na Bwana Kanti, mwenye duka la vitambaa barabara kuu. Kwao, kwa Kigujarati, ni kapur. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alichoma kipande kidogo kwenye sahani ya shaba, mbele ya picha za miungu yake. Alinikaribisha nione.

"Tazama, Mariamu. Inaungua yote. Jivu iko wapi? Hakuna. Ndiyo maana tunatoa hii. Mtu aende hivyo hivyo, asiache kitu."

Akatia sahihi kwa herufi za kwao. Baada ya siku tisa nilifungua chumba cha mimea asubuhi nikasikia kafuri, kali, ya bonge jipya. Nilifungua droo zote sikuona kitu. Saa sita nilipokwenda sokoni nikakuta duka la Bwana Kanti limefungwa na watu wamekaa nje kwenye mabenchi, msibani.

Wa pili alikuwa Sista Gisela wa misheni ya Rangwi, mzee sana, aliyekuja Usambara akiwa msichana na aliyezungumza Kiswahili vizuri kuliko mimi. Kwa Kijerumani ni Kampfer. Aliwachanganyia wagonjwa wa kifua kafuri katika mafuta. Aliniambia kwamba utotoni kwake, ugonjwa ulipoingia kijijini, bibi yake alimvisha shingoni kifuko cha kafuri.

"Alisema ni kwa ajili ya kifo," alisema Sista. "Kikija kisisikie harufu yangu. Nimekivaa miaka mingi, unajua. Nilikivua nilipoweka nadhiri."

Hakufika Pasaka. Siku ilipoletwa habari nilikuwa nimeshajua tangu saa mbili, kwa sababu ya harufu ya droo.

Wa tatu alikuwa Bi Mwanahamisi, mwoshaji wa maiti za wanawake pale mjini, mzaliwa wa Tanga. Yeye ndiye aliyenipa mistari miwili, Kiarabu na Kiswahili, maana baba yake alikuwa Mwarabu na kwao walisema vyote. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Chuoni tulifundishwa kwamba peponi kuna kinywaji kimetiwa kafuri," alisema. "Basi mimi nikimpaka maiti, moyoni nasema namwonjesha."

"Huogopi, bibi?"

"Niogope nini? Wanaoogopesha ni wazima." Akaupepeta mchele. "Andika jina langu vizuri, lisikosewe."

Niliandika vizuri. Mwezi uliofuata nilikaa matangani kwake, na swali lililozunguka mkekani kwa minong'ono lilikuwa nani amemwosha mwoshaji.

Mtasema walikuwa wazee. Najua. Mzee Kaniki alitufundisha kuwahoji wazee kwa kuwa ndio wenye maneno, na wazee hufa, na mbao za mkulo zikipata unyevu hunuka. Hesabu hiyo naijua vizuri, hasa mchana. Ndiyo maana wa nne nilimtafuta kijana. Alikuwa mtafiti mgeni kutoka Indonesia, wa miaka kama thelathini, mzima, anayepanda milima akiimba. Kwao ni kapur, na ndilo neno lao la chokaa vilevile, kwa weupe wake. Akaandika jina lake kwa madaha, akapanda basi la kuteremka Mombo, na kutoka hapo akaenda zake. Nilimwandikia barua kumwuliza hali. Ilirudi haijafunguliwa, imegongwa mhuri kwamba mtu huyo hayupo kwenye anwani. Ya pili nayo ikarudi. Ya tatu sikuandika, kwa kuwa kulikuwa na jibu moja ambalo nisingeweza kuishi nalo.

Ikabaki Kishambaa. Mkulo kila mtu anaujua hapa kwetu, ningeweza kumshika yeyote njiani. Lakini ningemshika nani? Kila niliyemfikiria alikuwa mama wa mtu, au mume wa mtu. Nikaifungia kadi droo ya chini. Mgeni akiuliza kwa nini kadi iliyoandikwa Usambara haina neno la Usambara, nilisema utafiti unaendelea. Ni jibu zuri kazini, halijawahi kukataliwa.

Mama yangu hakulikubali. Alikuja kituoni siku moja ya soko, amenibebea viazi na mboga, hakuwahi kufika ndani kabla ya hapo. Mama hakusoma hata darasa moja. Wakati nachemsha chai alizunguka chumbani mikono nyuma, akitazama mimea ukutani na kuitaja mmoja mmoja kwa Kishambaa, bila kukosea hata mmoja. Nilikuwa nimeitoa ile kadi kuikagua wadudu, iko mezani. Tulizungumza Kishambaa, ila hapa naandika Kiswahili ili mwelewe wote.

"Hii ndiyo ile uliyomwandika Kanti?" Alikuwa amesikia mjini.

"Ndiyo, mama."

"Nisomee."

Nikamsomea yote. Kwa kila jina alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea salamu. Nilipofika mwisho nikageukia birika.

"Na sisi?"

"Bado, mama."

"Bado nini? Mimi nipo. Mkulo nimeujua kabla sijajua kuvaa kanga. Niulize."

"Kuna utaratibu, mama. Lazima kibali kitoke juu."

"Kwa Kanti kilitoka?"

Alikunywa chai yake, akasema, "Hongea," asante ya kwetu, akafunga kanga na kushuka kwenda kutafuta gari la Soni. Nilidhani nimemwokoa. Nilirudisha kadi kwenye droo.

Aliniuliza tena Idi iliyofuata, na mwaka uliofuata. Kila mara nilikuwa na kibali kipya kinachosubiriwa. Ningeweza kumwambia ukweli, mnasema. Lakini jaribuni kumwambia mama yenu wa Kishambaa, mwenye swala tano, kwamba kadi ya serikali inaua watu. Isitoshe niliona kulitamka jambo lenyewe mbele yake ni kumwita jina lake mbele ya ile droo. Baadaye akaacha kuuliza, nami nikashukuru Mungu.

Aliugua kifua msimu wa baridi, akafariki Alhamisi saa nne asubuhi nikiwa kazini. Nataka mlielewe vizuri jambo hili. Nilikuwa chumbani tangu saa moja na nusu, na hakukuwa na harufu yoyote. Nilipopigiwa simu nilikwenda moja kwa moja kwenye droo ya chini nikaivuta, nikaingiza uso ndani. Ilinuka karatasi. Miaka yote ile nilidhani nimesimama mlangoni nikimzuia mtu asiingie kwake, kumbe mlango haukuwa huo.

Tulimwosha sisi wanawake wa nyumbani, na mwoshaji akanipa kafuri niisage kwa ajili ya maji ya mwisho. Niliisaga. Nikaipaka kwenye paji la uso wake, viganja, magoti na vidole vya miguu, pale alipozoea kusujudia. Nilimwuliza basi, kimoyomoyo, jina la mti na watu wanautumiaje.

Siku ya tatu mama mdogo, ndugu yake wa mwisho, alinivuta jikoni. Alikuwa hasemi nami vizuri tangu msiba uanze.

"Nikuulize, Mariamu. Dada alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu, mama mdogo."

"Maana alikuwa akisema, 'Mwanangu amemwandika Mhindi, amemwandika Mjerumani, amemwandika na mpita njia. Mimi ananionea haya.' Mpaka juzi kitandani amesema. Hakuwa na hasira. Alisema ni kwa sababu hakusoma, lazima wakubwa zako wangekucheka."

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya jiko, mbele ya watu. Nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Nilimweleza mama mdogo yote, Bwana Kanti, Sista, harufu, barua zilizorudi. Alinisikiliza hadi mwisho, akatazama nje.

"Ungemwambia," alisema. "Angekucheka, halafu angekupa neno."

Nilimwomba anipe yeye. Alisema mkulo ni mkulo, hajui zaidi, aliyekuwa akienda msituni na mama yao ni dada.

Ninachokijua mimi ni kidogo. Mama aliweka kipande cha gome la mkulo kwenye sanduku la nguo ili mende wasiingie. Alichemsha gome kwa ajili ya tumbo la watoto. Juu ya shamba letu, penye chemchemi, ulisimama mkulo mmoja ambao haukukatwa hata mwaka tulipokosa kuni, na kabla ya kuchuna gome lake mama aligusa shina na kusema kitu kwa sauti ya chini. Utoto wangu wote nilisimama nyuma yake nimeshika kikapu nikiyasikia yale maneno, na sikuyashika hata moja. Ndiyo yaliyopaswa kuandikwa pale. Hakuna tena wa kumwuliza.

Nilifanya kazi miaka sita zaidi. Wiki ya kukabidhi ofisi nilikaa na Rehema, aliyechukua nafasi yangu, tukihamisha kadi kwenye kompyuta. Tulifika kwenye ile. Alinitazama, akaona uso wangu, akafunga mlango, na nikamsimulia kama nilivyowasimulia hapa.

Rehema ni mtoto wa Tanga mjini, hana subira na mashetani. Alisukuma kompyuta kando.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi.

"Marahaba."

"Kanuni inasema mwandishi hajihoji mwenyewe. Kuanzia Ijumaa wewe si mwandishi. Mwandishi ni mimi." Akavuta kiti karibu. "Kwa Kishambaa mti huu unaitwaje?"

Sikumjibu siku ile, wala kesho yake. Naogopa kufa kama mtu mwingine yeyote, na nina wajukuu. Ijumaa nilirudisha funguo, nikaagana na walinzi, nikafika getini. Kisha nikarudi. Nilimpa neno, nikampa sanduku la nguo na tumbo la watoto na ule mti wa penye chemchemi, na nikamwambia aandike kwamba palikuwa na maneno na kwamba aliyesimama karibu hakuyashika. Aliandika. Aliandika jina langu na tarehe. Fomu za siku hizi zina nafasi moja ambayo Mzee Kaniki hakuwa nayo, inayouliza mtoa neno alijifunza kwa nani.

"Hadija binti Shemkai," nilisema. "Mama yangu, wa juu ya Soni."

Nilimtajia herufi kwa herufi lisikosewe, nikamwomba anisomee, na akanisomea mara mbili.

Sasa ni mwezi wa pili tangu siku ile. Asubuhi nikiamka husimama kwanza kati ya chumba, nikavuta pumzi polepole, nikasikiliza nanusa nini. Leo ilikuwa kahawa.